Filamu Iliyotoka Baraka

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kusema. Filamu zinafika Kasongo zikiongea Kifaransa, pengine Kiingereza, na watu wanaoingia kwenye sale ya video, chumba chetu cha kuonyeshea filamu, ni wafyatua matofali, wauza samaki, wanafunzi, motari wa pikipiki waliojaa vumbi la safari. Mimi nilikaa pembeni ya televisheni na mikrofoni mkononi, nikasema kwa Kiswahili yale yaliyosemwa na midomo ya kule. Nikipenda, niliongeza. Jambazi akiingia sokoni, nilisema ni soko letu la Kasongo na kwamba anatafuta sombe, mboga ya majani ya mihogo. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Jina langu ni Kasimu, Mbangubangu kwa kabila, wa Kabambare. Nilihamia Kasongo mwaka ule kijiji chetu kilipochomwa.

Sale ilikuwa ya Rachelle. Mume wake alikufa kwa ugonjwa wa ini akamwachia kuta za matofali, paa la mabati, jenereta moja na televisheni kubwa. Watu walisema mwanamke hawezi kuendesha sale ya video, vijana watamshinda. Hawakumshinda. Alikaa mlangoni mwenyewe, na mlevi aliyetaka kuingia kwa nguvu alimtoa kwa kumshika shingo ya shati.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Élysée, wa miaka ishirini na sita. Élysée alikuwa motari wa barabara ndefu: Kasongo, Kabambare, Fizi, mpaka Baraka kwenye ziwa. Rezo ya Kasongo, mtandao wa simu, haina nguvu ya kushusha filamu nzima. Inashusha matangazo yake tu, dakika mbili dakika tatu, na hiyo nayo ni kazi ya nusu siku. Kwa hiyo filamu zenyewe zilikuja mgongoni mwa pikipiki, ndani ya diski ndogo iliyofungwa katika plastiki, na aliyezileta kwetu ni Élysée.

Upande wa pili wa soko kulikuwa na sale ya André. Na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kule Amerika kuna kampuni mbili zinazochora vitabu vya picha vya mashujaa, watu wanaoruka na kubeba nyumba, halafu zinawageuza kuwa filamu. Moja tuliiita Nyota, kwa sababu ya alama inayotokea mwanzoni. Nyingine tuliiita Radi. Zinashindana, na sisi tukashindana kwa niaba yao. Sale ya Rachelle ilikuwa ya Nyota, sale ya André ilikuwa ya Radi, na kijana wa Kasongo alilazimika kujulikana yuko wapi. Shujaa mkubwa wa Nyota tulimwita Mikono, kwa sababu anadaka risasi kwa viganja kama mtu anayedaka karanga. Wa Radi ni mwanamke anayetoka majini, tukamwita Bibi Ziwa.

Mwaka jana, mwezi wa pili, kampuni zote mbili zilitangaza filamu mpya, na zote mbili zikataja wiki moja ya mwezi wa saba. Kuanzia hapo hapakuwa na amani. Kwenye maegesho ya pikipiki, kwa kinyozi, nyuma ya ukuta wa msikiti, vijana walibishana juu ya filamu ambazo hakuna aliyeziona. Walitazama tangazo la dakika mbili mara hamsini, wakasimamisha picha, wakaonyeshana kwa kidole. Katika tangazo la Nyota kulikuwa na jeneza. Waradi walisema ni la Mikono. Wanyota walisema haiwezekani, akteri, yaani shujaa mkuu, hafi.

Aliyebisha kuliko wote ni Élysée. Mshindani wake alikuwa Yves, motari aliyebebea André filamu. Wawili hao walikutana barabarani kila wiki, mmoja akienda mwingine akirudi, na motari wengine walisema walizima pikipiki katikati ya msitu ili wabishane.

"Mikono anakufa," Yves alikuwa anasema. "Zika mutu wako mapema."

"Bibi Ziwa wako hawezi hata kutembea mahali pakavu," Élysée alijibu. "Kiangazi kitamumaliza."

Halafu waligawana sigara moja na kila mtu akashika njia yake.

Mwezi wa nane, filamu zote mbili zilifika Baraka, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kifaransa. Élysée aliondoka Kasongo Jumatatu, Yves Jumanne. Mjini watu waliuliza jambo moja tu: nani atatangulia? Sale itakayoonyesha kwanza ndiyo itakayojaa, na ile nyingine itabaki na mabenchi yake.

Siku ya Ijumaa, asubuhi, Élysée alipiga simu kutoka Kabambare. Diski anayo, imejaa vizuri, amejaribu kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Lakini barabara iliyo mbele yake, upande wa Lusangi, imechafuka. Watu wenye bunduki wameingia kwenye machimbo ya dhahabu, wachimbaji wamekimbia, na pikipiki mbili zimesimamishwa tangu jana.

"Yaya, motari wote wamelala hapa," alimwambia Rachelle; yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Wanasema tungoje kesho ama kesho kutwa, tutoke pamoja."

"Ngoja," Rachelle akamwambia. "Usikimbie. Filamu si mtoto mgonjwa."

Nilikuwa nimesimama karibu naye, nilisikia yote. Laiti ningebaki hapo siku nzima.

Kabla ya adhuhuri nilikwenda sokoni kununua betri za mikrofoni. Nikasikia kipaza sauti. Kijana wa André alikuwa anazunguka na pikipiki, amefunga spika mbele, anapiga kelele: "Bibi Ziwa amekwisha kupita Kabambare! Kesho saa nane mchana, sale ya André! Nyota wamelala!" Vijana walikuwa wanakimbia nyuma yake wakipiga miluzi. Mmoja alinigusa bega akasema, "Mzee Kasimu, mwambie dada Rachelle afunge sale."

Niliudhika. Nilirudi mbio kama mtu aliyetukanwa yeye mwenyewe. Sikununua hata betri. Nilimkuta Rachelle anafagia kati ya mabenchi, nikamwambia, "Yves amepita. Wametangaza kwa kipaza. Kesho saa nane."

"Amepita wapi, na barabara imefungwa?"

"Kama amepita, basi haijafungwa."

Hayo ni maneno yangu mimi. Sijayasahau hata nukta moja.

Rachelle aliweka ufagio chini. Alitembea mpaka kwenye kichuguu karibu na tanuri la matofali, mahali ambapo simu inashika vizuri, nami nikamfuata. Élysée alipokea. Walisalimiana tena, kisha Rachelle akamwambia, "Yves amekwisha pita. Kama mwenzako anapita, na wewe pita."

"Yves? Sijamuona hapa."

"Watu wote wa Kasongo wanajua. Njoo."

"Sawa, yaya."

Alitoka Kabambare saa saba mchana. Baada ya hapo simu yake haikuita tena.

Jumamosi tulingoja. Saa nane ilifika, na kwa André pia hapakuwa na filamu. Watu walisimama nje ya mlango wake wakazomea, kisha wakatawanyika. Kama Yves alikuwa amepita Kabambare jana asubuhi, alikuwa wapi? Nilimtazama Rachelle, naye alikuwa amekwisha kushika njia ya kichuguu, simu mkononi.

Yves aliingia Kasongo Jumapili, jua likikaribia kutua. Alikuja polepole sana. Mgongoni kwake kulikuwa na mtu aliyefungwa kwa kitenge, kama mama anavyofunga mtoto, kichwa kimelala kwenye bega. Mwanzoni watu walidhani ni mgonjwa. Alipita mbele ya sale ya André bila kugeuka, akafika kwetu, akasimamisha pikipiki, lakini hakuweza kushuka. Ilibidi tukate kitenge kwa kisu.

Élysée alikuwa amekufa. Risasi ilimpata kwenye nyonga.

Yves alitueleza siku ileile, akiwa amekaa chini, mgongo wote umekauka damu isiyo yake. Alitoka Baraka Ijumaa, si kabla. Jumamosi alilala Kabambare. Jumapili, mapema sana, alitoka na motari wengine saba kwa pamoja. Upande wa huku wa Lusangi waliona kiatu kimoja njiani, kisha alama za mtu aliyejikokota. Walimkuta Élysée majanini. Pikipiki imechukuliwa, simu imechukuliwa, na koti pia. Alikuwa amelala pale mchana mmoja na usiku mbili, na alikuwa hai.

"Alinijua," Yves alisema. "Aliniita jina. Nikaona tukimuacha alale, haamki. Nikamufunga mgongoni. Nilikuwa naendesha namuongelesha. Nitamuongelesha nini? Nilimuongelesha mambo ya filamu."

Rachelle alikuwa amesimama ukutani. "Ulimwambia nini?"

"Nilimuambia Bibi Ziwa atamupiga Mikono. Ili akasirike. Akanijibu, 'Muongo.' Nikamuambia jeneza ni ya Mikono. Akaniambia, 'Hapana, ni ya mutu mwingine.' Tulienda vile. Nikisema, ananijibu. Tukavuka daraja la miti, nikamuuliza, kama si ya Mikono, ni ya nani? Hakujibu. Nikauliza tena. Nikaendelea kuongea mpaka hapa, dada. Sikugeuka kutazama. Niliogopa kugeuka."

Kisha Yves akaingiza mkono mfukoni akatoa diski. Élysée alikuwa ameifunga tumboni, chini ya fulana, na wale watu hawakuigusa.

Tulimzika Jumatatu. Mama yao, Mama Marie-Thérèse, alikuja kwa miguu kutoka shambani kwake, mwendo wa saa nne, akiwa na wanawake wa kijiji waliokuwa wanalia kwa Kizimba, lugha yao, njia nzima. Yeye hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye mkeka, akashika shati la Élysée, akawa analikunja na kulikunjua.

Siku ya tatu ya matanga André alikuja. Ni mtu mnene, wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisimama uani bila kofia. Alisema mbele ya watu wote:

"Dada Rachelle, nataka usikie kwangu, usisikie kwa wengine. Lile tangazo lilikuwa uongo. Yves alikuwa bado Baraka. Nilitaka watu waje kwangu tu. Sikujua utampigia mutoto simu."

Wanaume wawili walisimama, wakataka kumpiga. Rachelle aliinua mkono. "Mwacheni aende," alisema. Nami nilikuwa nimekaa pale na sahani ya ugali magotini, nikitazama chini, kwa sababu uongo wa André ulitoka kinywani mwake lakini ulifika sikioni kwa Rachelle kwa miguu yangu.

Siku ya tisa, wageni walipopungua, Mama Marie-Thérèse aliniita. Diski ilikuwa juu ya kabati, ndani ya plastiki yake. Aliionyesha kwa kidole.

"Baba Kasimu, hii ndiyo alikuwa anabeba?"

"Ndiyo, mama."

"Ndani iko nini?"

Nilijaribu kumweleza. Nilisema ni hadithi, ni watu wa Amerika wanaojifanya wana nguvu. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyokuwa mepesi.

"Nataka kuiona," alisema.

Rachelle alikataa. Mama yake hakubishana naye. Alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akatembea peke yake mpaka mlangoni mwa sale, akangoja mpaka tukafungua.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Niliwasha jenereta. Mama alikaa benchi la mbele, mikono magotini, kama mtu aliye kwenye ibada. Rachelle alisimama nyuma karibu na mlango. Yves alikuja pia, akakaa pembeni. Tulikuwa wanne kwenye sale ya watu mia moja na hamsini.

Nilishika mikrofoni. Sikuongeza neno. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nilisema kile tu kilichosemwa. Magari yaliruka, nyumba zilianguka, watu walipiga kelele na Mikono alikuja. Kila mara mtu alipoita, alikuja. Mama aliuliza maswali machache. "Huyu ndiye?" "Ndiye, mama." "Na wale wenye bunduki, wanatafuta nini?" Nilimwambia wanatafuta jiwe lenye nguvu lililo chini ya ardhi. Akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa bila kuelezwa.

Kisha Mikono akafa. Lile jeneza lilikuwa lake. Yves alikuwa amesema kweli. Nilimwona akiinama akafunika uso kwa mikono miwili, akalia kama mtoto, yeye aliyeshinda ubishi wa miezi yote ile. Kule kwenye picha mama wa Mikono alikuwa amesimama kaburini na mvua inanyesha. Mama Marie-Thérèse alimtazama yule mwanamke mzungu kwa muda mrefu. "Pole, mama," alimwambia kwa sauti ndogo.

Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Nilikwenda kuzima, lakini kabla sijafika picha ikarudi. Ni tabia ya kampuni zile: baada ya majina wanaweka kipande kidogo, ili watu wajue kuna filamu nyingine inakuja. Ilikuwa giza, ardhi, halafu mkono. Kisha uso wa Mikono, na macho yakafunguka.

Mama alinigeukia.

"Huyu alikufa."

"Ndiyo, mama. Alikufa."

"Nimeona wamemuzika. Mbona amefungua macho?"

Nimewahi kutafsiri lugha za watu wa mwezini, viumbe wasio na midomo, lakini kwa swali lile sikuwa na Kiswahili. Nilizima jenereta.

Rachelle alisema kutoka nyuma, "Mama, mimi ndiye nilimwambia atoke Kabambare. Alitaka kungoja. Nilimpigia simu nikamwambia apite."

"Na mimi ndiye niliyemletea habari," nikasema. "Sikuuliza kama ni kweli."

Mama hakugeuka. Alikuwa bado anatazama televisheni iliyozimwa.

"Baba yenu alipokufa," alisema, "Élysée alikuwa na miaka saba. Nilimuambia: neno la yaya yako ni neno langu, usimubishie hata siku moja. Hakukubishia?"

"Hapana, mama. Alisema sawa."

"Alinisikia mimi," alisema Mama Marie-Thérèse. "Alinisikia mimi, basi." Akasimama, akatoka nje, na siku hiyohiyo akarudi shambani bila kuaga.

Rachelle hakuonyesha ile filamu. Vijana walikuja kwa makundi, kwanza kwa heshima, baadaye kwa hasira. Alifunga sale. Mwezi wa kumi aliikodisha kwa kikundi cha maombi, akabeba sufuria zake na godoro, akaenda kijijini kwa mama yake. Diski alimpa Yves, na Yves, sijui kwa nini, alikwenda kuiacha kwa André. Yves mwenyewe hafanyi tena barabara ndefu. Anabeba abiria ndani ya mji, kutoka soko mpaka hospitali, na hazungumzi na abiria.

Mimi ninakula kwa kusema, sina shamba Kasongo. Niliketi nyumbani miezi miwili, kisha nikaenda kwa André kuomba kazi. Hakuniangalia usoni, wala mimi sikumwangalia. Nimekwisha kuitafsiri filamu ile kwake mara sita, sale imejaa mpaka madirishani. Sikuongeza kichekesho hata kimoja. Vijana wamezoea, wanasema mzee Kasimu amezeeka.

Nilimwona Rachelle mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya soko. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa ya jembe. Alikuwa ameleta mihogo, na kikapu kimoja kilikuwa hakijanunuliwa. Tuliulizana habari. Nilimuuliza kuhusu mama, akasema anakula, analala, wanalima pamoja, lakini yeye Rachelle akimwita, mama hajibu mara moja. Humwacha aite mara mbili.

Pale karibu vijana watatu walikuwa wameinamia simu moja, wanabishana. Rachelle aliwatazama.

"Wanangoja nini sasa?"

"Zote mbili zimetangaza tena," nikasema. "Mwaka kesho, mwezi wa tano."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za mvua ya mbali. Kisha akakunja kata ya kitambaa, akaiweka kichwani, akaniomba nimtwike kikapu. Nikamtwika. Alikuwa na saa nne za kutembea, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa Lualaba.